Baba Krismasi Hakufika Msanga

Jumamosi ya mwisho ya Novemba, wazazi kama thelathini tuliketi kwenye viti vidogo vya plastiki katika darasa la chekechea moja hapa Kibaha, magoti yakikaribia videvu. Vuli ilikuwa imenyesha usiku kucha na sakafu nzima ilikuwa na alama za viatu vyetu. Ajenda ya nne ilikuwa sherehe ya kufunga shule. Mwalimu akaeleza mpango: kila mzazi achange Sh 15,000, mbali na pilau na soda; kijana mmoja atavalishwa joho jekundu na ndevu nyeupe, ataingia na gunia, ataita watoto kwa majina na kuwagawia zawadi. Watoto wasiambiwe kwamba fedha ni za wazazi. Waambiwe Baba Krismasi ametoka mbali, amekuwa akiwaangalia mwaka mzima, na anawajua wenye adabu.

Na mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga? Huyo, mwalimu alisema, atapewa pipi.

Niliomba nafasi nikapinga, na ajenda ya dakika kumi ikala zaidi ya saa nzima. Nilisema kwa hasira, na wenye hoja nzuri sikuwasikiliza kama walivyostahili. Ndiyo maana nayarudia hapa yaliyosemwa, nikiyajibu moja moja.

Kwanza nieleweke. Na Baba Krismasi mwenyewe sina ugomvi; kila mwaka anaingia nyumbani kwangu na watoto wanampokea kwa vigelegele. Ninachokipinga ni mtu mzima kumwangalia mtoto machoni, kumwambia jambo ambalo yeye mwenyewe anajua si kweli, na kutaka mtoto alishike kama ukweli.

"Msiwanyang'anye watoto utoto wao"

Aliyesema hivi ni mama ninayemheshimu, mwenye duka Maili Moja, na alisema kwa uchungu. Watoto wetu wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri kusubiri gari la shule. Wanarudi na kazi za nyumbani. Jumamosi wana tyusheni. Waacheni basi mwezi mmoja kwa mwaka waamini kitu kizuri.

Nakubaliana naye karibu kila neno. Tunaachana pale anapodhani kwamba kitu kizuri hakiwezi kumwingia mtoto mpaka adanganywe kwanza.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Maneromango, hatua chache kutoka kwenye misheni ile ya Kilutheri ambayo Wajerumani waliianzisha miaka ya 1890. Jumapili asubuhi alikuwa kanisani, jioni alikuwa anatusimulia habari za mazimwi, na hakuona mgongano wowote. Alikaa kwenye kigoda, ungo wa kunde mapajani, akaita: Hadithi! Hadithi! Nasi kwa sauti moja: Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!

Wengi wetu tumeyatamka maneno hayo mara mamia bila kuyasikiliza. Tuliuita uongo kwa jina lake, tukaukaribisha mkekani, tukauomba utamu. Baada ya hapo zimwi lilimeza kijiji kizima pamoja na majogoo yake, na mimi nikaogopa kwenda msalani peke yangu. Kujua kwamba ni uongo hakukupunguza hofu wala raha hata punje. Hadithi ilipokwisha bibi alitamka kwamba imeishia hapo, nasi tukarudi katika dunia ambamo neno lake lilikuwa na uzito uleule wa siku zote. Akisema uji umeiva, umeiva. Akisema kisimani kuna chatu, yupo.

Na si hadithi tu. Wazaramo wanamjua mwana hiti, yule mtoto wa mti asiye na mikono, mwenye kichwa kilichochongwa vishungi viwili vya nywele, ambaye mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa amtunze. Alimwogesha, alimpaka mafuta, alimbeba kama mtoto aliyemzaa. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyeishi na Wazaramo wa Bunju miaka ya 1960, aliandika juu ya ibada na alama za watu hawa katika kitabu chake cha mwaka 1970. Mwali alijua kabisa kwamba amepewa kipande cha mti. Pengine hata fundi aliyekichonga alimjua kwa jina. Na bado malezi yale yalikuwa malezi kweli, na yalimwandaa kwa watoto wa damu.

Au simama dakika tano pembeni mwa uwanja wowote kule Mlandizi. Utamwona mvulana anakokota gari la kopo, anaita "Chalinze, Chalinze," anasimama kupakia abiria wasioonekana na kuwarudishia chenji. Mwulize gari lake limetengenezwa na nini, atakujibu mara moja: kopo la mafuta ya kupikia, na magurudumu ni ndala za dada. Ukimpa kisogo tu, injini inaunguruma upya. Huyo hajadanganywa na mtu, na abiria wake wanafika.

"Watoto ni watoto, wanaamini chochote"

Baba mmoja alinijibu kwamba nakuza jambo dogo, kwani mtoto wa miaka mitano hana akili ya kupima. Hii ni kuwadharau watoto.

Jacqueline Woolley, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, na wenzake walitoa utafiti mwaka 2004 ambao kila mzazi angenufaika nao. Waliwatungia watoto kiumbe kipya kabisa, mchawi wa pipi, ambaye usiku wa sikukuu ya Halloween huja kuchukua pipi za mtoto na kumwachia kitu cha kuchezea. Baadhi ya wazazi walikubali kushiriki: walibadilisha pipi usiku na kuweka zawadi. Watoto wengi walimwamini mchawi huyo, na miongoni mwa wale wakubwa kidogo, waliotembelewa nyumbani waliamini zaidi kuliko wasiotembelewa.

Mtoto aliyetembelewa alifanya kile ambacho mpelelezi yeyote angefanya. Alikuta pipi hazipo, zawadi ipo, na watu anaowategemea kwa chakula na usalama wanathibitisha. Alihitimisha vizuri kabisa, ila kwa ushahidi uliopikwa. Ndivyo tulivyotaka kufanya na gunia letu la chekechea: tuwapikie ushahidi watoto wanaofikiri sawasawa, kisha tuwacheke kwamba wanaamini chochote.

"Inasaidia nidhamu"

Hapa ndipo hasira yangu ilipotoka. Hoja hii nilikuwa nimeitumia mimi mwenyewe miaka kadhaa nyuma.

Kifungua mimba wangu alikuwa na miaka sita. Desemba nzima nilimwambia Baba Krismasi anaona, na kweli ilifanya kazi: uji ulinyweka bila ubishi, shuka lilikunjwa, mdogo wake hakupigwa. Asubuhi ya Krismasi alikuta baiskeli ndogo ya mtumba sebuleni, nimeifunga utepe. Alilia kwa furaha. Nami nilijiona baba hodari.

Dada yangu ameolewa Msanga, wilayani Kisarawe, na mume Mwislamu. Nyumba za namna hiyo ni za kawaida huku kwetu. Idi tunakwenda kwao, Krismasi wanakuja kwetu. Siku ya pili ya sikukuu walifika: gari la kwanza mpaka Kisarawe mjini, la pili Gongo la Mboto, la tatu Mbezi, la nne Kibaha. Binti yao, mpwa wangu, alikuwa na miaka saba. Mwanangu hakumsubiri hata avue viatu. Akamwonyesha baiskeli, akamweleza: ameleta Baba Krismasi, anawapa watoto wenye adabu, anaona kila kitu.

Mchana yule mtoto alikula pilau kidogo sana. Jioni nilikuwa bombani nanawa, akanifuata.

"Mjomba, huyo Baba Krismasi anaona mpaka Msanga?"

Nikajibu bila kufikiri: "Anaona kila mahali, mama."

Akanyamaza, akikwangua tope la kidole gumba kwa kisigino cha mguu wa pili. Halafu akauliza: "Ni kwa sababu ya mbuzi?"

Mwezi wa tisa alikuwa ameachiwa mbuzi awaangalie. Wenzake wakamwita kucheza rede, akaenda, na mbuzi wakaingia kwenye mihogo ya bibi jirani. Hakumwambia mtu. Lawama zilimwangukia kijana mwingine, naye akanyamaza. Miezi mitatu alibeba jambo hilo peke yake, na sasa, kwenye ukumbi wa mjomba wake, alikuwa amepata habari kwamba yuko aonaye kila kitu, ameliona, na hukumu imeshatoka.

Nilimshika mkono, wangu ukiwa bado unadondosha maji. Nikamwambia baiskeli niliinunua mimi, kwa fedha za mshahara wangu, na hakuna aliyemnyima kitu kwa sababu ya mbuzi. Alinitazama muda mrefu.

"Sasa mbona ulisema anaona?"

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo. Na kwetu mjomba si mtu wa kando. Neno lake kwa mtoto wa dada yake lina uzito wa namna yake.

Kwa hiyo wanaoniambia kuhusu nidhamu nawaomba waangalie zawadi hizo zinafuata nini. Zinafuata mfuko wa mzazi. Mtoto wa mwajiriwa wa mjini anaamka na baiskeli. Mtoto wa Marumbo au Vikumburu, ambaye baba yake korosho hazikumlipa mwaka huo, anaamka na nguo za mwaka jana. Umaskini wa nyumbani mtoto anauweza, kwa kuwa anauona, na anaona wazazi wanavyouhangaikia. Asichokiweza ni kuambiwa kwamba alipimwa akaonekana hafai. Ile pipi ya mtoto ambaye mzazi wake hakuchanga ingekuwa hukumu ya namna hiyohiyo, tena mbele ya darasa zima.

Shemeji yangu aliniambia jambo usiku ule, taratibu, bila kunilaumu. Siku ya Idi mtoto anavaa nguo mpya, anapita kwa wakubwa, anasalimia, anapewa mkono wa Idi. Sarafu inatoka kwenye kiganja cha mtu anayemjua, bado ina joto la mwili. Anasema asante akimwangalia aliyempa. Kama baba hana kitu mwaka huo, mkono unakuwa mdogo, na mtoto anajua kwamba ni baba ndiye hakuwa na kitu. Nimeyafikiria maneno hayo kila Desemba tangu siku ile. Mwanangu alipolia kwa furaha mbele ya baiskeli, shukrani zake zilikwenda kwa mtu asiyekuwepo, nami nilikuwa nimesimama pale pale.

Na hizo tabia njema zenyewe? Shuka lilikoma kukunjwa kabla Januari haijaanza.

"Mbona ninyi mmelelewa kwa mazimwi?"

Mzee mmoja, babu wa mmoja wa watoto, aliuliza hivi kwa sauti ya ushindi, na watu wakapiga makofi. Sehemu ya jibu nimeshaitoa: zimwi la bibi lilikaa mkekani. Liliitwa kwa jina la uongo, likatisha, likaondoka.

Lakini mzee alikuwa amegusa kidonda, na nataka nikiguse zaidi kuliko yeye. Sisi tumeitoa hofu mkekani tukaitembeza nyumba nzima mchana kweupe. "Nyamaza, daktari atakuchoma sindano." "Endelea tu kulia, polisi anakuja." "Yule kichaa atakubeba." Hapo hakuna aliyeita hadithi njoo. Mtoto anaambiwa kama habari ya kweli, na anaambiwa na mtu anayempenda.

Nimekaa kwenye foleni ya chanjo na kumwona mvulana wa miaka minne aking'ang'ania mlango alipoona tu koti jeupe. Walihitajika watu wazima watatu kumbandua. Muuguzi alimuuliza mama yake kwa upole: "Mama, nyumbani huwa mnamtishia sindano?" Mama aliinamisha kichwa. Siku mtoto huyo atakapopata homa kali, atamkimbia yule yule anayeweza kumwokoa. Siku atakapopotea stendi, atamkwepa askari. Na wale wagonjwa wa akili wanaopita mitaani mwetu wakifuatwa na mawe ya watoto, mawe hayo tuliyaokota sisi.

Hofu ya namna hiyo haikomei utotoni. Wazee wa pwani hii wanakumbuka habari za mumiani za enzi ya ukoloni, watu walipokuwa wakikwepa njia fulani jioni kwa kuamini kwamba wanatafutwa damu. Mwaka 1995 Pemba na Unguja zilitikiswa na popobawa. Watu wazima walilala nje kwa makundi, na wasio na hatia walishambuliwa wakishukiwa ndio yeye. Uvumi huo haukupata nguvu kutoka kwa watoto.

Kwa hiyo mzazi anayejisifu kwamba kamfukuza Baba Krismasi mlangoni, huku jikoni anamtishia mwanawe kwa sindano, ametupa uongo mdogo na kuufuga mkubwa. Nikilazimika kuchagua kimoja cha kuondoa katika nyumba za Kibaha na Kisarawe kesho asubuhi, naondoa sindano ya maneno, na joho jekundu naliacha.

"Ni ushetani, na ni mambo ya Wazungu"

Hawa walikuwa upande wangu, nao nawapinga vilevile.

Nyuma ya ndevu zile yuko Nikolaus, askofu wa Myra katika Uturuki ya leo, aliyeishi karne ya 4 na ambaye sikukuu yake ni Desemba 6. Simulizi yake maarufu inasema alimsikia baba maskini aliyeshindwa kuwaoza binti zake watatu, akamtupia mifuko ya dhahabu usiku bila kujionyesha. Waholanzi walimwita Sinterklaas na kumvusha bahari hadi Marekani. Mwaka 1823 gazeti moja la Troy, jimbo la New York, lilichapa shairi lililomchora akiwa kwenye gari la kuvutwa na kulungu wa theluji. Kuanzia mwaka 1863 mchoraji Thomas Nast akampa umbo la mzee mnene katika jarida la Harper's Weekly. Kikaoni mtu alidai rangi nyekundu ilibuniwa na Coca-Cola. Si kweli: matangazo ya Coca-Cola yaliyochorwa na Haddon Sundblom yalianza mwaka 1931, na joho jekundu lilikuwa limeshachorwa miaka mingi kabla. Kampuni ililieneza tu.

Wafini nao wanamwita Joulupukki, jina ambalo maana yake ya asili ni beberu wa sikukuu, kwa sababu zamani waliopita nyumba kwa nyumba walivaa kama mbuzi. Makao yake kwenye kilima cha Korvatunturi yalitangazwa mwaka 1927 na Markus Rautio, mtangazaji wa redio wa vipindi vya watoto. Yaani hata huko Kaskazini ni simulizi iliyoshonwa kiraka kwa kiraka, na washonaji wake wengi wanajulikana kwa majina. Hakuna siri ya kuzimu humo.

Na mtu wa Kibaha ana sababu ya ziada ya kutokimbia kila kitokacho kwenye theluji. Mji huu ulikua kuzunguka kituo kilichoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi: shule ya sekondari, kituo cha afya, chuo cha wakulima. Januari 10, 1970 kilikabidhiwa kwa serikali yetu, nasi tukakiita Shirika la Elimu Kibaha. Hatukukataa shule kwa sababu ya walioijenga. Tuliipokea, tukaweka walimu wetu, tukaifanya yetu. Kitu cha mgeni hupimwa kwa kazi kinayofanya nyumbani, na kwenye mpango wa gunia letu kazi hiyo ndiyo iliyonitisha.

Baba Mwislamu aliyesema kikaoni kwamba mtoto wake hatahudhuria nilimtetea, na ningemtetea tena. Hakumtaja shetani. Alisema tu kwamba hiyo si sikukuu yake, na hilo lilitosha.

"Akigundua atavunjika moyo, hata Mungu atamwacha"

Mwaka 1994 Wamarekani wawili, Anderson na Prentice, walichapisha matokeo ya mahojiano na watoto 52 waliokwisha kujua ukweli kuhusu Baba Krismasi. Wengi walikuwa wamegundua wenyewe, wakiwa na umri wa miaka saba hivi, na waliyoyaeleza yalikuwa na furaha zaidi kuliko huzuni. Waliosikitika zaidi ni wazazi. Kwa hiyo wenzangu mnaotabiri kwamba mtoto ataharibika, mnatia chumvi, na chumvi hiyo inawaharibia hoja.

Lakini wanaonukuu mambo ya namna hii kusema "unaona, uongo hauna shida" nao wanakimbilia mbali. Mwaka 2014, mwanangu alipokuwa anaanza kuuliza maswali, Hays na Carver wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha jaribio lao na watoto 186 wa miaka mitatu hadi saba. Baadhi walidanganywa na mtafiti kwa jambo dogo la pipi, wakaambiwa wazi kwamba wamedanganywa. Baadaye waliachwa peke yao na kitu walichokatazwa kukichungulia. Wale wenye umri wa kwenda shule waliodanganywa walichungulia zaidi, na wakadanganya zaidi walipoulizwa. Utafiti wa Singapore uliochapishwa mwaka 2020 uliwauliza vijana 379 juu ya wazazi wao. Waliokumbuka kudanganywa sana utotoni walikiri pia kuwadanganya wazazi zaidi ukubwani. Huo wa pili unategemea kumbukumbu, hauwezi kusema nini kilisababisha nini. Mimi unanitosha kama tahadhari.

Kuhusu Mungu, sioni kwamba mtoto atapoteza imani kwa sababu ya joho. Ninachokiona ni sauti. Usiku uleule, kwenye kitanda kilekile, mama anasema Yesu amezaliwa Bethlehemu na Baba Krismasi yuko njiani. Sauti ni moja, uso ni mmoja. Mtoto atazipangaje habari hizo mbili? Bibi yangu alikuwa na sauti ya kanisani na sauti ya mkekani, na hata kipofu angezitofautisha.

Kipimo changu ni siku mtoto anapouliza. Mwaka 1897 Virginia O'Hanlon, msichana wa miaka minane wa New York, aliliandikia gazeti la The Sun akiomba aambiwe ukweli, kwa kuwa rafiki zake walisema Santa hayupo. Septemba 21 mhariri Francis Church alimjibu kwamba yupo, kwa sababu upendo na ukarimu vipo. Makala hiyo inasifiwa mpaka leo, na imeandikwa vizuri. Lakini yule mtoto aliomba ukweli. Alipewa maneno mazuri, na swali lake likabaki barabarani. Mtoto anayeuliza "ni kweli?" ameshatoka mkekani kwa miguu yake, kumrudisha kwa nguvu ni kumwambia asiulize tena.

Kulikuwa na mengine ya kupita. Kwamba mtoto anayejua atawaharibia wenzake: mwambie nyumba nyingine zinacheza kwa namna yao, naye asivuruge mchezo wa mtu. Watoto wanatunza siri za aina hii vizuri kuliko sisi. Kwamba bila zawadi sherehe haina maana: basi zawadi ziwe za aina moja kwa wote, kwa jina la wazazi wote, na asiye na Sh 15,000 alete ndoo ya maembe, msimu ni wake.

Kikao kilikubali zawadi sawa. Joho lilibaki. Juu ya kuwaambia watoto kwamba wanaangaliwa hatukuafikiana, na mwalimu alifunga ajenda akiahidi kulifikiria.

Mkesha wa Krismasi uliopita mpwa wangu alikuwa kwetu. Sasa ni msichana mrefu kuliko mama yake. Jioni alifumua mshono wa mto mmoja wa zamani, akatoa usufi, akajibandikia ndevu kwa uji wa unga wa ngano, akajifunga kanga nyekundu mabegani na kuchukua kapu la sokoni lenye karanga na mikebe ya rangi. Alitoka kwa mlango wa nyuma. Mke wangu akazima taa, akaita: Hadithi! Hadithi! Watoto sita wakapasua koo: Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!

Mlango ukagongwa mara tatu. Aliingia akiinama, usufi ukipeperuka kila alipopumua, akapita kwa mmoja mmoja. Kitinda mimba wangu, miaka mitano, alishusha macho akaangalia ndala za mgeni, ile ya kushoto yenye kamba iliyoungwa na waya. Akanivuta sikio. "Baba, ni dada," alininong'oneza. Kisha akamgeukia, akanyoosha mikono yote miwili.

"Shikamoo, Baba Krismasi."

"Marahaba," sauti nzito ikaitikia kutoka ndani ya usufi.